Uji wa alfajiri, kuhara kwa usiku: Namna bakteria mmoja anavyogeuka mamilioni

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam siku huanza kwa sufuria ya uji. Chukulia mama mmoja wa Mbagala mwenye mtoto wa miezi 10. Saa 11 alfajiri ameshakoroga uji wa lishe, ameumimina kwenye chupa ya chai, amekaza kifuniko na kumwachia dada wa kazi maagizo: mtoto anywe saa 4, anywe tena saa 8, na ukibaki apewe jioni kabla ya kuogeshwa. Kisha anakimbilia daladala ya Kariakoo, maana tajiri hana habari na uji wa mtu.

Saa 2 usiku mtoto ametapika mara mbili na amehara mara tatu. Bibi yake, aliyekuja wiki iliyopita kutoka Lindi kumsalimia mjukuu, anampapasa ufizi kwa kidole na kutoa hukumu: “Meno haya.” Jirani anaongeza la kwake, kwamba huenda ni meno ya plastiki, na mtaa wa pili yupo fundi wa kuyang’oa. Mama anamtazama dada. Dada anatazama chini. Hakuna anayeitazama chupa ya chai iliyo pale mezani, ikiwa na uji kidogo chini.

Kisa cha namna hii kinajirudia mijini na vijijini, na mara nyingi kinaisha kwa lawama. Dada hajui kutunza mtoto, mama anaendekeza kazi, jirani ana jicho baya. Kumbe kilichofanyika ndani ya chupa ile hakikuhitaji ubaya wa mtu. Kilihitaji vuguvugu, chakula na muda, na vyote vitatu vilikuwepo.

Mmoja anapokuwa wawili

Bakteria ni kiumbe cha seli moja tu. Hana mdomo, hana tumbo, hana dume wala jike. Bakteria aitwaye E. coli, ambaye jamii zake nyingi huishi utumbo wetu kwa amani na chache huleta kuhara kubaya, ana urefu wa takribani sehemu 2 za milimita iliyogawanywa mara 1,000. Wapange 500 kwenye mstari mmoja, kichwa kwa mkia, ndipo wafikie milimita 1. Kwa hiyo kusema “uji ulionekana mzuri” hakusaidii kitu. Uji unaweza kuwa mzuri wa macho na wa harufu na bado una wageni maelfu.

Kwa kuwa hana mwenzi, bakteria huongezeka kwa kujigawa. Kwanza anakula. Sukari, protini na chumvichumvi zilizo katika uji hupenya ukuta wake na yeye hurefuka. Anaporefuka ananakili vinasaba vyake, yaani ule uzi wenye maelekezo yote ya namna ya kuwa bakteria. Nakala moja huelekea upande mmoja wa mwili na nyingine upande wa pili. Kisha katikati ya kiuno hujengeka pete ya protini, na pete hiyo huanza kubana, kama uzi unavyobana shingo ya mfuko wa unga. Wakati pete inabana, ukuta mpya unajengwa kutoka pande zote hadi ukutane katikati. Wanaachana. Alipokuwa mmoja sasa wako wawili, kila mmoja kamili, kila mmoja na njaa yake. Mama hayupo tena, lakini hakuna maiti. Amekwenda wote katika wanawe.

E. coli akipata joto la mwili wa binadamu na chakula cha kutosha, kazi yote hiyo huweza kumchukua dakika 20. Hapa kuna jambo ambalo hata wanasayansi liliwashughulisha. Kunakili vinasaba vyote vya E. coli huchukua kama dakika 40. Inakuwaje basi ajigawe kila dakika 20? Jibu ni kwamba hasubiri. Nakala ya kwanza ikiwa bado haijamalizika, ameshaanza nyingine juu yake. Ni kama mtoto anayezaliwa tayari ana mimba, na ndani ya mimba hiyo mjukuu ameshaanza kuumbwa.

Mtoto wa darasa la 5 anaweza kufanya hesabu inayofuata kwenye kikokotoo cha simu. Anza na 1, zidisha kwa 2 kila dakika 20. Baada ya saa moja wako 8. Baada ya saa mbili, 64. Saa ya tatu, 512. Mpaka hapo mtu anaweza kucheka, kwani bakteria 512 ni nini? Saa ya nne wako 4,096. Saa ya sita wamepita 262,000. Saa ya nane ni 16,777,216. Ubaya wa hesabu hii ni kwamba hutulia mwanzoni na kulipuka mwishoni. Ndiyo maana chakula kile kile kilichomwacha mtoto salama saa 8 mchana kinaweza kumlaza kitandani kikirudiwa saa 11 jioni, na mama akaapa kwamba si uji, kwa sababu “mchana alikunywa huohuo na hakuwa na shida”.

Rudi kwenye chupa ya Mbagala. Uji ulipochemka alfajiri, moto uliua karibu bakteria wote waliokuwa kwenye unga na maji. Chupa ile ni ya siku nyingi, haishiki tena joto kama zamani, na saa 4 uji ulishakuwa vuguvugu. Dada akachovya kikombe kilichosuuzwa kwa maji ya ndoo na kufutwa kwa kitambaa cha jikoni. Tuseme bakteria 100 walidondoka na kikombe hicho. Ni idadi ndogo sana kwa kitambaa chenye unyevu. Hawaanzi kujigawa papo hapo. Bakteria aliyehamia mahali papya huchukua muda kuzoea, kama mpangaji anayepanga vyombo, basi wape saa nzima. Kuanzia saa 5 mpaka saa 8, kwa mwendo wa dakika 20, watakuwa wamefika 51,200. Mtoto anakunywa. Wanaobaki wanaendelea, na kufikia saa 11 jioni idadi imepita milioni 26.

Hayo ni mahesabu ya karatasi yenye hali nzuri kabisa kwa bakteria. Uji unaozidi kupoa huwapunguzia mwendo. Lakini hata wakijigawa kila baada ya nusu saa, wale 100 wa saa 5 watakuwa wamezidi 400,000 ifikapo saa 11 jioni. Mwendo umepungua, mwelekeo ni uleule.

Mzazi anaweza kuuliza, na ni swali la haki: kama ni hivyo, kwa nini hawajaijaza dunia? Kwa sababu chakula huisha na uchafu wao wenyewe huwakaba. Maziwa mgando ni ushahidi ulioko jikoni. Bakteria wasio na madhara hujigawa usiku kucha ndani ya maziwa, wakila sukari yake na kutoa asidi, mpaka maziwa yanaganda na kuwa machachu kiasi kwamba wao wenyewe hawawezi kuendelea. Asidi hiyohiyo huwazuia wengi wa wale wabaya. Togwa hufanya kazi kwa njia hiyohiyo. Watafiti walioichunguza togwa hapa Tanzania miaka ya 1990 waliona kwamba bakteria wengi wa kuhara hushindwa kustawi ndani yake, na kwamba watoto waliopewa uji uliochachushwa hawakuwa na vimelea hivyo kwenye choo kwa kiwango cha wenzao. Bibi wa Lindi, aliyekosea kuhusu meno, huenda ana elimu nzuri kuliko wote humo ndani linapokuja suala la kuchachusha uji.

Ukitazama vizuri, karibu kila mbinu ya wazee ya kuhifadhi chakula ni mbinu ya kumzuia bakteria asijigawe. Dagaa huanikwa juani kwa sababu pasipo maji hakuna kujigawa. Ng’onda hutiwa chumvi kwa sababu chumvi humnyang’anya bakteria maji yaliyo mwilini mwake. Unga mkavu wa lishe hukaa wiki nyingi kwenye kopo bila neno. Ukishautia maji na kuuchemsha, saa imeanza kuhesabu.

Kiporo na friji

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 kwenye joto la kawaida la nyumba. Kikitunzwa, kiwe na joto la zaidi ya nyuzi 60 au ubaridi wa chini ya nyuzi 5. Kati ya namba hizo mbili ndipo bakteria wengi hujigawa, na joto la Dar es Salaam au Mombasa mchana wa Februari liko katikati hasa ya uwanja wao.

Friji haiui. Hupunguza mwendo tu. Bakteria aliyejigawa kila dakika 20 mezani, ndani ya friji baridi anaweza kuchukua saa nyingi au kusimama kabisa, lakini yupo, anasubiri. Umeme ukikatika usiku kucha na kurudi asubuhi, friji itakuwa na baridi tena na mchuzi utaonekana vilevile, ila hesabu iliendelea gizani. Wapo pia wachache, kama Listeria, wanaojigawa hata ndani ya friji, ingawa polepole. Huyu ni wa kuogopwa zaidi na mama mjamzito.

Sasa kiporo. Kusema vibaya juu ya kiporo mbele ya Waswahili ni kutafuta ugomvi, na hakuna sababu ya kufanya hivyo, kwani kiporo kilichopoozwa upesi, kikafunikwa na kuwekwa kwenye baridi, kisha kikapashwa mpaka kikatoa mvuke hadi katikati, ni chakula kizuri. Shida ni wali uliolala ndani ya sufuria juu ya jiko lililozimwa. Katika mchele huwamo mara nyingi bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye huwa amekwisha kujifunga ndani ya ganda gumu kama mbegu kabla ya kukutana na moto. Maji yanachemka, wenzake wote wanakufa, yeye ganda lake limebaki. Wali ukishakuwa vuguvugu, ganda linafunguka na anaanza kujigawa akiwa peke yake, bila mshindani. Wakati anaongezeka anaweza kutoa sumu, na sumu hiyo haiharibiwi na kupashwa moto. Asubuhi ukiupasha wali utaua bakteria, sumu itabaki sahanini. Mtoto anayeula hutapika ndani ya saa chache.

Vivyo hivyo kwa bakteria wa kwenye vidonda na puani, anayehamia kwenye chakula kupitia mkono wa mpishi mwenye jipu au kidole kilichokatika. Naye huacha sumu isiyoogopa moto. Kwa hiyo ule usemi wa jikoni kwamba “kipashe tu, kila kitu kitakufa” ni kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayoumiza.

Kumezwa si kuugua

Si kila bakteria anayemezwa hushinda. Tumboni kuna asidi kali inayoua wengi, na ndiyo sababu idadi ina maana kubwa. Bakteria wa kipindupindu huogopa sana asidi hiyo, na mtu mzima mwenye tumbo zima kwa kawaida huhitaji kumeza mamilioni yao ili augue. Hapo chakula kilichokaa, ambamo wameshajigawa saa kadhaa, kinawafanyia kazi ambayo wasingeiweza peke yao. Lakini yupo Shigella, wa kuhara damu, anayeweza kumwangusha mtu akiwa na wenzake wasiofika hata 100. Huyo hana haja ya uji kukaa. Kidole kimoja kisichonawa sabuni baada ya choo kinamtosha. Mzazi anayefanya moja tu kati ya mawili, kunawa mikono au kuchunga muda wa chakula, ameacha mlango mmoja wazi.

Akishavuka tumbo, bakteria huanza upya hesabu yake ndani ya utumbo. Hapo hajigawi kwa kasi ya chupa, kwani anashindana na mamilioni ya wakazi wa zamani na kinga ya mwili inamwandama. Muda unaopita kati ya kumeza na kuugua, saa kadhaa au siku kadhaa kutegemea ugonjwa, kwa sehemu kubwa ni muda wa kuongezeka. Mwenye kipindupindu hatobolewi utumbo. Bakteria hushikamana na ukuta wake, hujigawa na kutoa sumu inayolazimisha mwili umwage maji, ndipo choo kinakuwa kama maji ya mchele. Mtu huuawa na ukavu, na mtoto mdogo hukauka haraka kuliko mtu mzima kwa sababu akiba yake ya maji ni ndogo.

Hapa ndipo suala la meno linapokuwa la hatari. Meno ya kwanza huota karibu na miezi 6, na miezi 6 ndiyo umri ambao mtoto huanza uji, huanza kutambaa na kutia mdomoni kila anachookota. Mambo hayo huja pamoja, lawama ikaenda kwa meno. Kuota meno hakuleti kuhara kwa maji wala homa kali. Na kile kinachoitwa meno ya plastiki, au ya nailoni, ni chipukizi cha jino la kawaida la mtoto ambalo bado halijatoka kwenye ufizi. Fundi anayelichimbua kwa wembe au spoku ya baiskeli anafungua kidonda kinywani mwa mtoto ambaye tayari amekauka maji. Kidonda hicho kinaweza kumwaga damu nyingi na kuingiza bakteria moja kwa moja kwenye damu, na meno yatakayofuata yanaweza kuota yakiwa yameharibika au yasiote kabisa.

Anachohitaji mtoto wa Mbagala usiku ule ni maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo. Pakiti moja ya ORS huchanganywa na lita 1 ya maji safi na salama. Mtoto wa chini ya miaka 2 hupewa mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha maji, kwa kijiko au kikombe, kidogo kidogo. Akitapika, husubiriwa dakika 10 kisha akaendelea taratibu. Anayenyonya aendelee kunyonya, tena zaidi ya kawaida. Zahanati humpa pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, na hivyo humaliziwa hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu. Mtoto akishindwa kunywa, macho yakibonyea, akilegea na kusinzia kupita kawaida, ngozi ya tumbo ikifinywa ikachelewa kurudi, au choo kikiwa na damu, usiku haungojwi uishe.

Ambacho kwa kawaida hahitaji ni antibiotiki. Kuhara kwingi kwa watoto huletwa na virusi, na virusi havijigawi kama bakteria. Huingia ndani ya seli za mtu na kuzifanya ziwatengenezee nakala. Dawa inayolenga maisha ya bakteria haina pa kuwashika. Chanjo ya rota, ambayo watoto wa Tanzania wamekuwa wakipewa tangu 2013, ndiyo kinga dhidi ya kirusi mmoja mbaya zaidi miongoni mwao.

Dawa inayowavizia wakijigawa

Bakteria wanapokuwa ndio wenye kosa, kama katika nimonia au maambukizi ya mkojo, dawa nyingi hupiga palepale pa kujigawa. Penisilini, aliyoigundua Alexander Fleming jijini London mwaka 1928, na mdogo wake amoksilini anayeandikiwa watoto leo, huzuia ujenzi wa ukuta wa bakteria. Bakteria anaporefuka na kujitayarisha kugawanyika anahitaji ukuta mpya. Ujenzi ukivurugika, anapasuka. Ina maana kwamba dawa hizi humuua zaidi yule aliye katika harakati za kukua. Aliyetulia, asiyejigawa saa hiyo, anaweza kupitwa na kidonge cha asubuhi akaamka jioni. Kwa hiyo daktari anaandika mara ngapi kwa siku na kwa siku ngapi, na saa za kumeza si urembo wa karatasi.

Kunakili vinasaba nako kuna makosa. E. coli ana herufi za kinasaba zipatazo milioni 4.6, na hunakili kwa uangalifu wa ajabu, lakini katika migawanyiko kama 1,000 hivi kosa moja hupita. Kwa mmoja ni kidogo. Kwa mamilioni wanaojigawa mara kwa mara, makosa ni maelfu, na mengi hayana maana au humuua mwenyewe. Mara chache kosa humfanya bakteria asisikie dawa. Dawa hafifu au kidogo mno huua wenzake dhaifu na kumwachia yeye chakula chote na nafasi yote. Saa chache baadaye ana ukoo. Mbaya zaidi, bakteria wanaweza kupeana kipande cha vinasaba chenye usugu hata kama si wa aina moja, kama majirani wanavyoazimana chujio. Fleming mwenyewe, alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945, alionya juu ya watu watakaojipa dozi pungufu. Leo mtu huenda dukani akanunua vidonge vinne kwa sababu hela iliyopo inatosha vinne, na muuzaji akamkatia kwa mkasi. Kumlaumu mnunuzi peke yake ni rahisi mno. Muuzaji anajua zaidi.

Mwendo wa kujigawa ndio unaoeleza pia mambo mawili yanayowachosha wazazi hospitalini. La kwanza ni kipimo cha kuotesha mkojo. Maabara huchukua tone, hulipaka kwenye sahani yenye chakula cha bakteria na kuliweka kwenye joto la mwili. Bakteria mmoja haonekani, lakini akijigawa usiku kucha huacha kidoa kinachoonekana kwa macho. Kungoja siku moja au mbili ni kungoja wafike idadi ya kuonekana, kisha kujaribiwa dawa ipi inawaweza.

La pili ni kifua kikuu. Bakteria wake hujigawa mara moja tu kwa muda wa kama saa 20, wakati E. coli angeweza kujigawa mara 60. Robert Koch, aliyetangaza ugunduzi wake Berlin tarehe 24 Machi 1882, alihitaji subira ambayo wengine hawakuwa nayo. Vidoa vyake vilianza kuonekana wiki ya pili. Bakteria mvivu wa kujigawa ni mgumu kuviziwa na dawa, na hiyo ni sababu kubwa ya matibabu kuchukua miezi 6. Tangu 2022 WHO inapendekeza miezi 4 kwa watoto wengi wenye TB isiyo kali. Mtoto huanza kunenepa na kucheza mwezi wa pili, na ndipo mama wengi hushawishika kuacha. Wachache waliobaki ndani ya mapafu hawana haraka.

Kule Mbagala suala halikuwa ujinga tu. Kuchemsha uji mara tatu kwa siku ni mkaa mara tatu, au gesi inayokwisha kabla ya mshahara, na ushauri wa afya usiotaja bei ya mkaa huishia kwenye karatasi za kliniki. Lakini mlo wa mtoto wa miezi 10 ni kikombe kimoja tu, na kikombe kimoja cha uji huiva kwa moto mdogo. Unga unaweza kupimwa alfajiri ukiwa mkavu, ukafungwa kwenye vifuko vitatu, na dada akapika kimoja kwa wakati wake, kinachobaki akanywa yeye mwenyewe au kikamwagwa. Kikombe kikasuuzwa kwa maji yaliyochemka na kuachwa kipinduliwe kikauke, bila kitambaa. Chuchu ya chupa ya plastiki, ambayo haisafishiki kirahisi mpaka ndani, ikaachwa kabisa na mtoto akanywa kwa kikombe na kijiko. Siku ambazo hakuna moto kabisa, bibi akiwepo, kuna togwa.

Na ile chupa ya chai ikabaki kuwa ya chai.